Je, Mashine Yamjua Mgonjwa?



Hivi karibuni kikundi chetu cha kutembelea wagonjwa kilirudi nyumbani kikiwa na ubishi. Tulikuwa tumemsindikiza mama mmoja wa mtaa wetu hospitali, naye alitibiwa akarudi salama. Kwa hiyo hapakuwa na sababu ya kugombana. Lakini njiani baadhi yetu tulisema, "Kompyuta ilitaka kumwua mama huyu." Wengine tukajibu, "La, kompyuta haina kosa. Kosa ni letu." Ubishi huo haukwisha siku ile, wala haukwisha Jumapili iliyofuata baada ya ibada. Tumeuleta katika ukurasa huu kwa sababu ndani yake mna swali linalotuhusu sote, wazima kwa wagonjwa: chombo cha kutunza habari kinapoingia kati ya mgonjwa na mwenye kumtibu, wajibu wabaki kwa nani?

Kwanza tueleze yaliyotokea. Hospitali hatutaitaja, maana jambo kama hili laweza kutokea popote. Mama naye hatutamtaja kwa jina lake, tumwite Rebeka. Sisi tulio karibu na Wasukuma twajua kwamba Kisukuma hakina sauti ya "r", na mabibi wengi wakiulizwa jina hilo hujibu "Lebeka". Miaka mitatu iliyopita mama huyu alidungwa sindano ya penisilini, akavimba midomo na kukosa pumzi, akaponea chupuchupu. Siku ile karani alimwandika Rebeka katika kompyuta, na daktari akaongeza kwamba dawa hiyo asipewe tena.

Safari hii dirishani alikuwapo karani mwingine, kijana mwenye adabu na mwenye haraka, kwa sababu foleni ilikuwa imefika nje. Aliuliza jina, akasikia "Lebeka", akaandika kama alivyosikia. Kompyuta ikajibu kwamba mtu huyo hayupo. Akafungua faili jipya. Daktari alipotazama kioo hakuona neno lolote la hatari, akaandika sindano ile ile. Aliyeokoa mambo ni muuguzi mmoja wa siku nyingi, aliyekuwa akipita na sinia yake. Alimtazama mama usoni, akasimama, akasema, "Mama, si wewe uliyevimba midomo mwaka ule?" Sindano ikawekwa kando.

Sasa tuseme lile linalotuuma. Sisi tuliomsindikiza tulikuwa tumekaa kwenye benchi hatua chache kutoka pale. Wawili wetu tuliijua habari ya sindano ya zamani. Hatukusema neno. Tulipoulizana baadaye kwa nini tulinyamaza, jibu letu lilikuwa moja: tulidhani imeandikwa. Karani naye bila shaka alidhani daktari atauliza. Daktari alidhani karani amelipata faili la kweli. Kila mmoja alimwachia mwenzake, na wote tuliiachia mashine. Hapo ndipo penye kiini cha maneno yetu ya leo.

Tusiwe wanafiki tukasifu zamani kana kwamba daftari halikuwa na makosa. Tangu miaka ya 1990 zahanati na hospitali zetu zimeandika kazi zao katika vitabu vya MTUHA, yaani Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya. Kitabu namba 5 ni cha wagonjwa wa nje, namba 6 ni cha wajawazito, namba 12 ni cha wanaojifungua. Vitabu hivyo vimesaidia sana, lakini kitabu cha wajawazito hakisemi na kitabu cha wanaojifungua. Ni lazima mtu afunue vyote viwili. Karatasi huliwa na mchwa, hulowa mvua, hupotea. Na yule muuguzi mwenye kukumbuka nyuso naye siku moja atastaafu, na kumbukumbu yake itaondoka pamoja naye. Mama Rebeka akija tena siku hiyo, ni nani atakayemwuliza habari za midomo? Kwa hiyo anayesema kompyuta ziondolewe, huyo naye anaucheza uhai wa mtu.

Wala sisi wa Sengerema si wageni wa vyombo hivi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 hapa petu palianzishwa kituo cha mawasiliano, Sengerema Telecentre, na vijana wetu wengi waliishika kompyuta hapo kwa mara ya kwanza. Katika miaka ya 2010 wilaya zote nchini zilianza kupeleka hesabu za vituo vya afya kwa mfumo wa DHIS2, na hospitali nyingi za serikali zikapokea mfumo wa GoT-HoMIS, uliotengenezwa hapa hapa Tanzania. Twaona faida zake. Dawa zinazotoka huhesabiwa, fedha zinazolipwa huonekana, na ugonjwa wa mlipuko hujulikana mapema. Jambo jema lisikataliwe kwa sababu ya ugumu wake.

Lakini twataka kutazama ugumu huo kwa macho mawili, na tuanze na jirani zetu. Huko Kenya, karibu na mji wa Eldoret, kiko kituo cha afya cha Mosoriot. Mwaka 2001, kwa msaada wa Chuo Kikuu cha Moi na cha Indiana cha Marekani, kituo hicho kilianza kuandika habari za wagonjwa katika kompyuta, kikiwa miongoni mwa vya kwanza kabisa katika Afrika kusini mwa Sahara. Wenye kazi hiyo walipima muda kwa saa, kabla na baada. Waliona kwamba safari ya mgonjwa kituoni ilifupika kwa asilimia 22, na kungoja kulipungua kwa asilimia 38. Nani asiyefurahi? Mama mwenye mtoto mgongoni anarudi shambani mapema. Kutokana na ujuzi uliopatikana Eldoret, mwaka 2004 ilianza programu ya OpenMRS, ambayo sasa yatumika katika nchi nyingi.

Hata hivyo kipimo hicho hicho kilionyesha jambo la pili. Muda wa mgonjwa mbele ya wenye kumtibu ulipungua kwa asilimia 58. Nao wafanyakazi wa kituo walizungumza wao kwa wao kwa muda uliopungua kwa theluthi mbili.

Ndugu, tufikiri hapo. Huenda sehemu ya muda uliopotea ilikuwa ya kutafuta karatasi tu, na kuupoteza si hasara. Huenda maongezi mengine yalikuwa ya porojo. Lakini aliyewahi kulala wodini anajua kwamba porojo na kazi hukaa kitanda kimoja. Muuguzi wa usiku akimpokea wa asubuhi humwambia, "Yule mtoto wa kitanda cha tatu sijapenda anavyopumua." Neno hilo halina mahali pake katika fomu. Hakuna kisanduku cha kuandika "sijapenda". Hata hivyo kwa neno hilo mtoto hutazamwa mara mbili zaidi, na mara nyingine huokoka. Kazi ya kuuguza imejaa mambo ya namna hiyo: jicho, mkono juu ya paji la uso, swali linaloulizwa mara ya pili kwa sababu jibu la kwanza lilisemwa kwa aibu. Mashine haiyaoni, na kwa sababu haiyaoni, mwenye kuileta anaweza kudhani hayapo.

Kwamba hatari hii si ya nchi maskini peke yake, tazameni mfano wa Marekani. Katika mji wa Pittsburgh, hospitali kubwa ya watoto ilianza Oktoba 2002 kupitisha maagizo yote ya madaktari katika kompyuta. Nia ilikuwa njema: kuondoa makosa ya mwandiko mbaya. Mwaka 2005 madaktari wa hapo hapo walitangaza hesabu ya watoto walioletwa kutoka hospitali nyingine wakiwa mahututi. Katika miezi 13 kabla ya mashine, watoto 1,394 waliletwa na 39 walikufa, yaani chini ya 3 katika kila 100. Katika miezi 5 baada yake, waliletwa 548 na 36 walikufa, yaani zaidi ya 6 katika kila 100.

Mashine haikumpa mtoto sumu. Ilikuwa hivi: zamani, mtoto alipokuwa bado njiani, daktari aliweza kuagiza dawa zikamngoja, sasa agizo halikupokelewa mpaka mtoto afike na kuandikishwa. Dawa zilizokaa karibu na vitanda zilihamishiwa stoo kuu. Mikono iliyokuwa juu ya mtoto ilikuwa juu ya kompyuta. Mwaka 2006 hospitali ya watoto ya Seattle, iliyoleta mfumo wa namna hiyo, ilitangaza kwamba kwao vifo havikuongezeka. Kwa hiyo chombo cha namna moja kilikuwa mzigo mahali pamoja na kikachukulika mahali pengine, na waliolinganisha habari hizo waliona uzito katika namna kilivyoletwa na kazi ilivyopangwa kukizunguka.

Basi, je, iko njia ya kuleta mashine bila kumfukuza mtu? Iko, na mfano wake hauko mbali na sisi. Kule Kisesa, wilaya ya Magu, watafiti wamekuwa wakifuatilia afya ya wananchi tangu mwaka 1994. Walitaka kuunganisha habari za nyumbani na habari za kliniki, wakakutana na taabu ile ile ya Mama Rebeka. Jina moja huandikwa namna tatu. Wengi hawaijui tarehe yao ya kuzaliwa. Wakina Kulwa na Doto wako kila kijiji. Kompyuta ikiachwa ichague yenyewe, huweza kumpa mtu maisha ya mwingine.

Kuanzia mwaka 2015 waliweka mtu kliniki aongee na mgonjwa. Kompyuta ilileta majina yanayoelekea kufanana, na karani akauliza: unakaa kitongoji gani? Nyumbani uko na nani? Balozi wako wa nyumba kumi ni nani? Mgonjwa mwenyewe alisaidia kujitambulisha. Twaona hekima kubwa katika jambo hilo dogo. Mashine ilifanya inachokiweza, yaani kutafuta haraka katika maelfu ya majina. Mtu naye alifanya anachokiweza, yaani kuuliza na kusikiliza. Tena lilipatikana kwa gharama: kiti kimoja, mshahara wa mtu mmoja, na dakika kadhaa za kila mgonjwa. Anayetaka mashine lakini hataki gharama hiyo, hajui anachokinunua.

Hapa yatupasa kugeuza kidole kitutazame sisi. Katika ubishi wetu, mwenzetu mmoja alinyamaza muda mrefu, kisha akakiri kwamba mwaka juzi shemeji yake alipougua sukari hakuwa na fedha, naye akamwazima kadi ya bima ya mke wake. Tulimfahamu. Huruma yake ilikuwa ya kweli, na ni wangapi kati yetu tungeweza kumwacha ndugu afe kwa sababu ya kadi? Lakini sasa katika mashine mke wake ana ugonjwa wa sukari. Akiletwa siku moja amezimia, hana uwezo wa kusema, daktari atasoma habari za mwili wa mtu mwingine. Zamani uongo wa dirishani ulikwisha jioni, daftari lilipofungwa. Siku hizi uongo huo hautoki; hukaa ukingoja. Kwa hiyo tusiwalaumu makarani kwa herufi moja, hali sisi tumewapa mtu mzima asiye yeye. Ikiwa ndugu hana fedha, njia ya haki ni sisi kuchanga, hata kama yauma mfukoni, na kuuliza ofisini juu ya misamaha iliyowekwa kwa wasio na uwezo.

Sasa turudi kwenye swali letu la kwanza: wajibu wabaki kwa nani? Mmesikia maneno yasemwayo madirishani siku hizi: "Mfumo umekataa." "Mtandao hakuna." Angalieni sentensi hizo, hazina mtu ndani yake. Karani hakukataa, daktari hakukataa, mkuu wa hospitali hakukataa. Umekataa mfumo, nao mfumo hauna uso wa kutazamwa wala moyo wa kusutwa. Hatusemi kwamba karani anadanganya. Mara nyingi yeye ndiye wa kwanza kuteswa: anaandika katika kompyuta, kisha anaandika tena katika kitabu, huku watu wakimpigia kelele kwa kosa lisilo lake. Tunasema kwamba amepewa chombo bila kupewa ruhusa ya kukiweka kando. Mtu asiye na ruhusa ya kutenda mema anaweza kufundishwa polepole kutokuyaona.

Yule Msamaria aliyemwokota mtu njiani hakumwuguza peke yake mpaka mwisho. Alikuwa na safari yake. Alimpeleka nyumba ya wageni, akatoa fedha, akaomba atunzwe. Lakini aliacha pia ahadi kwamba atarudi, na kwamba likizidi la gharama atalipa yeye. Aliikabidhi kazi, wajibu akabaki nao. Hivyo ndivyo twaona yapasa kuwa kwa mashine. Tuikabidhi kazi ya kukumbuka, maana inakumbuka kuliko sisi. Tuikabidhi kazi ya kuhesabu. Wajibu wa kumjua mgonjwa hatuwezi kuikabidhi, kwa sababu mashine ikikosea hatuwezi kuiuliza kwa nini, na mashine haitatoka usingizini usiku kwa kujuta.

Baadhi ya wenzetu walipinga hapo. Walisema: kama kila karani ataruhusiwa kuiweka mashine kando, si tutarudia fujo na wizi wa dawa ambao mashine ililetwa kuuzuia? Pingamizi hili lina nguvu, na hatulidharau. Jibu letu ni kwamba ruhusa iwe na jina. Anayeiweka kando kwa ajili ya mgonjwa aandike: nimefanya mimi, kwa sababu hii, saa hii. Mwizi hapendi kuandika hivyo. Mwenye kumwokoa mtu haogopi.

Kuhusu namna ya kuileta, sisi wa upande huu wa ghuba tumejifunza kwa macho. Daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilometa 3, lilifunguliwa tarehe 19 Juni 2025. Miaka yote ya ujenzi vivuko viliendelea kuvuka, na wagonjwa wetu wa kupelekwa Bugando walivuka kwavyo. Hakuna aliyesema kwamba, kwa kuwa daraja linakuja, vivuko viondolewe leo. Tena wajenzi hawakusimamisha nguzo kabla ya kuipima sakafu ya ziwa. Basi hospitali inayoleta mashine ipime kwanza sakafu yake: ni nani humwambia nani nini, saa ngapi, na kwa nini. Iwaulize wauguzi wa zamu ya usiku, si wakuu wa ofisi tu. Na kivuko cha karatasi kisiondolewe mpaka daraja limebeba mizigo mizito na kusimama.

Nasi tuna sehemu yetu, tena yaweza kuanza kesho asubuhi. Kila nyumba ichague namna moja ya kuandika majina ya watu wake, iandike katika kadi ya kliniki, na kuichukua kadi hiyo kila mara. Karani akimaliza, tumwombe kwa upole asome jina alivyoliandika. Mwenye dawa inayomdhuru aseme mwenyewe kila anapoonana na mtabibu mpya, hata kama amekwisha sema mara kumi. Tusiazime kadi. Habari ya mgonjwa tunayoisikia dirishani isitoke nasi; Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 yaitaja habari ya afya kuwa nyeti, na kabla ya sheria hiyo ulikuwapo utu. Na walio katika kamati za afya za vituo vyetu waulize swali moja katika kila kikao: mashine ikizimika usiku wa leo, mama mwenye uchungu atapokewaje, na nani atajibu?

Jumapili iliyopita tulimtembelea Mama Rebeka. Anaendelea vema. Tulimwomba radhi kwa kunyamaza kwetu benchini, naye akacheka, akasema kwamba yeye mwenyewe hakusema, maana aliona daktari anatazama kioo kwa makini sana akadhani anamsoma yeye. Tulitoka kwake kimya. Safari ijayo tukimsindikiza mtu, tumeahidiana kwamba mmoja wetu atasimama na kusema.

Bwana awatie nguvu wauguzi wetu, awape macho ya kuona nyuso, nasi atupe vinywa vya kusema kwa wakati wake.